Mwalimu Anayekalia Mikono

Saa tisa alasiri, chumba cha pembeni cha duka la vifaa vya umeme, Mwalimu Mikono amekalia mikono yake. Kweli kabisa, kaiweka chini ya mapaja kama mtu anayesikia baridi. Mbele yake msichana wa kidato cha tatu anasoma swali la fizikia kwa sauti. Jiwe limerushwa juu kwa kasi ya mita ishirini kwa sekunde. Litapanda mpaka wapi?

"Soma tena," anasema. "Mara ya tatu unafunga kitabu, unanisimulia."

Ndiyo staili yake ya tuisheni, mwaka wa kumi na moja sasa. Hesabu, fizikia, insha, penseli haigusi. "Nikiishika nimefaulu mimi, mtoto amekaa tu anatazama."

Ila leo macho yake hayako kwenye jiwe. Yako dirishani. Ng'ambo ya barabara kuna chumba kipya, ubao mweupe, feni mbili. Anafundisha kijana wanayemwita Mrefu, ambaye mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha hesabu mpaka akafaulu. Wanafunzi sita wamehamia huko. Hao anasema hawamuumi. Anayemuuma ni wa saba: binti yake wa kumzaa, kidato cha nne, mtihani wa mwisho umebaki wiki tano.

"Anapita hapo mlangoni, 'Shikamoo baba', halafu huyo, anavuka. Yule ana nini? Urefu tu."

Binti naye ana lake. "Watoto wa watu anawakalia mikono. Mimi nikikosea mstari mmoja, penseli ishachukuliwa. Swali anamaliza yeye, halafu ananiuliza kama nimeelewa."

Mwalimu anainamisha kichwa. "Hapo hajasema uongo."

Juzi alienda kuchungulia ng'ambo, akijifanya anapita tu. Akamkuta Mrefu mbele ya binti, kaiweka mikono chini ya mapaja.

"Ile ni yangu ile," anasema, sauti inapanda. "Feni awe nazo, ubao awe nao. Mpaka mkao wangu? Siku hiyo chakula hakikupita."

Leo binti amemletea insha, moja tu, ya majaribio. Fizikia ilishahamia kwa Mrefu; baba akishika penseli, na insha nazo zinavuka barabara.

Msichana wa jiwe anasogea pembeni. Binti anakaa, anaandika. Aya ya pili inaacha mada kabisa, inakwenda zake. Mkono wa kulia wa mwalimu unachomoka, unaganda hewani.

"Baba."

Mkono unarudi chini. Binti anasoma aya yake kwa sauti, anaikata mwenyewe.

"Ikienda hivi, wiki ijayo naomba fizikia yangu inirudie," mwalimu ananong'ona. Kisha uvumilivu unamshinda. "Hivi yule huwa anaikalia mikono kwa muda gani?"

"Kipindi kizima," anajibu binti bila kuinua kichwa.

Mwalimu anajisogeza kwenye kiti, anaikalia vizuri zaidi.