Wingu Nililolichuja

Kuna kaka mmoja hapa Karatu, dereva wa watalii, mwenye darubini aliyoiunganisha na kamera. Alitaka kambi moja karibu na geti la Ngorongoro imruhusu kuwaonyesha wageni nyota. Bosi wa kambi, mama mmoja mkali, alimwambia alete kwanza picha kubwa ya ukutani. Akaja kwangu, maana mimi ndiye ninayetengeneza picha kwenye studio ya mama mdogo.

Alileta picha nne za nebula, wingu jekundu lililo katikati ya nyota. Zote zilikuwa za kijivu. Tatu zilipigwa kwa vichujio vya nyekundu, kijani na bluu. Hizo nilizijua: ukiziunganisha, rangi inatokea. Ya nne ilikuwa ya kichujio kingine.

"Hiki kinachuja nyekundu ya haidrojeni peke yake," alisema. "Ukishapata rangi, itumie kwenye ile nyekundu. Taratibu. Tumeelewana, dogo?"

"Tumeelewana, kaka."

Hatukuelewana. Niliishia darasa la saba, na mtu akinieleza haraka naona haya kumrudisha nyuma. Nyumbani tukichuja chai, majani yanabaki kwenye chujio na mama anayamwaga kwenye migomba. Nikadhani picha ya nne ndiyo majani. Nikaiondoa kwenye nyekundu, kidogo kidogo, mpaka wingu likaisha. Zikabaki nyota za bluu. Nikaona nimesafisha kweli.

Tukaipeleka kambini ikiwa imefungwa. Bosi aliifungua mbele ya wapishi.

"Wingu liko wapi?"

"Labda limeshanyesha," mpishi mmoja akasema, wakaangua kicheko.

Kaka alinitazama mara moja tu. "Kamera yangu ilisumbua, mama," akasema. Nami nikainama kukunja karatasi ya kufungia.

Kwenye gari ndipo alipocheka. "Dogo, umenichujia wingu lote!" Akanieleza kwamba kichujio kile kinapitisha haidrojeni na kuzuia mwanga mwingine. Picha ya nne ndiyo wingu lenyewe. Inaongezwa kwenye nyekundu kwa kiasi, ikizidi nyota zinapoteza rangi zake. Alicheka, lakini redio, anayoiwasha kila safari, hakuiwasha.

Niliirudia. Wingu likatokea jekundu, na nyota za manjano zikabaki za manjano. Kaka aliipeleka mwenyewe. Bosi aliisifu, akaitundika, ila akasema wageni hawezi kumkabidhi mtu mwenye kamera ya kubahatisha.

Kamera yake haina ubovu wowote. Nimemwomba anipeleke kambini nikaseme kosa lilikuwa langu.

"Achana nayo, bwana mdogo. Yameshaisha."

Kwangu hayajaisha. Akipita mbele ya studio na wageni anapiga honi kunisalimia, nami nainamia kompyuta kama sijasikia, mpaka gari lipotee.