Walii wa Shamila

Mwaka ule maduka ya Nkuhungu yalipopakwa rangi za kampuni za simu, Halfani, fundi wa magodoro ya sufi, alikuwa ametimiza miaka tisa akimeza vidonge vya maradhi ya akili, na mitatu hajagombana hata na inzi. Kasoro yake moja: akitulia, midomo humcheza. Hiyo ikawatosha watu.

"Anaongea na wake zake wa kijini," walisema majirani, ambao wao huongea mchana kutwa bila msikilizaji.

Sikudhani, mkewe, akamwuliza nesi Anastazia kliniki kichwani mwa mumewe kuna nini.

"Siku hizi wataalamu wanapima ubongo mtu akiwa amejilaza tu, hafanyi kitu," nesi akamwambia. "Kwa wengi wenye ugonjwa wa mzee wako, sehemu za ubongo haziunganiki kama zetu. Nyingine zimelegea, nyingine zimeng'ang'aniana. Lakini hiyo si kusema hana akili, mama."

Sikudhani akamsimulia shemeji yake Masudi, muuza mitumba. Masudi akaokota lile la kutoungana, mengine akayaacha, akakimbilia kwa Sheikh Shaban, aliyekuwa afungishe ndoa ya Shamila, binti wa Halfani.

"Walii, mwenye kumwozesha binti, lazima awe timamu, sheikh. Kaka yangu nyaya zimekatika. Shamila nitamwozesha mimi."

Halfani hakubisha. Alimwambia mkewe tu, "Sina kingine cha kumpa mwanangu. Nilitaka aozwe kwa mkono wangu."

Siku ya ndoa Masudi alikuja na koti la mtumba lenye beji ya zimamoto wa Ulaya, akajaa mkekani kama waziri. Kutoka nyuma ya pazia la wanawake, Sikudhani alimwona mumewe amewekwa kule kwenye viatu. Masudi akaushika mkono wa bwana harusi, Abdulnasiri, akakohoa, akatangaza:

"Nimekuozesha Sikudhani..."

Pazia nusura lianguke kwa vicheko.

"Masudi," Halfani akasema taratibu, "huyo ni mke wangu. Bado namhitaji."

Sheikh akamgeukia Halfani. Bibi harusi anaitwa nani? Kazaliwa lini? Karidhia? Halfani akajibu yote, akaongeza na mvua iliyonyesha Kondoa siku anazaliwa.

"Haya, Bwana Timamu," sheikh akamwambia Masudi, "mpishe baba mtu."

Halfani akaketi, akanyoosha mkono. "Nimekuozesha binti yangu Shamila..."

Sikudhani akapiga kigelegele kabla bwana harusi hajajibu, wenzake wakamfinya.