Mwalimu wa Hesabu Aliyekataa Kuhesabu Watoto

Madam Nashipae alifundisha hesabu katika shule yetu ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Kitengela ukielekea Kajiado, na miaka yote niliyokaa naye ofisi moja sikuwahi kumsikia akihesabu mtoto. Vitabu alihesabu. Chaki alihesabu, tena kwa uchoyo. Lakini msimamishe mbele ya wasichana waliopanga foleni ya uji, umuulize ni wangapi, atakutazama kana kwamba umemtukania mama yake.

Mimi Ndambuki ni mwalimu wa Kiswahili na mdomo wangu hauna breki, kwa hivyo nilimtania sana. Nilimwambia serikali inamlipa mshahara wa bure. Yeye alicheka tu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Alizaliwa huko ndani Kajiado, kwa mzee Sironka, mfugaji. Wazee wengi wa Kimaasai wa rika lake hawakuhesabu watoto wala mifugo, maana kuhesabu ni kuita balaa. Jioni Sironka alisimama langoni mwa boma, ng'ombe wakaingia, naye akawatazama mmoja mmoja. Wakishaingia wote ndipo alitamka kwamba yule mweusi mwenye pembe iliyopinda hayuko, na kwa tabia yake atakuwa amebaki korongoni. Aliyetumwa korongoni ni Nashipae. Alikulia katika kazi hiyo, na chuo cha ualimu hakikumtoa huko.

Alipofika kwetu mwanzoni mwa miaka ya tisini, bweni kubwa lilifungwa kwa kufuli kutoka nje kila jioni, na mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na masanduku. Tulikuwa na sababu zetu: wasichana wasitoroke, na watu wasije kuwachukua kwenda kuwaoza. Nashipae alilichukia kufuli lile kama mtu anavyomchukia jirani mchawi. Kila mkutano wa walimu aliinua mkono, na kila mkutano mwalimu mkuu, Bwana Hiram, alimwambia akae chini. Hiram hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Aliogopa lawama tu. Lawama ya msichana aliyetoroka alikuwa ameshaionja, ya moto bado.

Kisha zikaja habari za mabweni kuungua katika shule nchini, watoto wakiwa wamefungiwa ndani. Hakuna mwalimu aliyesoma gazeti siku zile asilie, mimi nikiwemo. Hiram alimkabidhi Nashipae usalama wa shule, nusu kwa heshima, nusu ili anyamaze.

Hakunyamaza. Kufuli likaondoka, milango yote miwili ikawekewa komeo la ndani, masanduku yakahamishwa, nondo za madirisha zikakatwa. Wazazi waliogopa utoro, akawaambia waajiri mlinzi wa pili wa kuzunguka ua, na wakamwajiri. Alitundika ringi kuukuu ya gurudumu la lori nje ya jiko iwe kengele. Ikigongwa mfululizo, kila msichana alipaswa kuacha alichoshika na kukimbilia uwanjani.

Hapo ndipo yeye na Hiram waligongana. Katika zoezi la kwanza Hiram alitaka wasichana wahesabiwe haraka, idadi ilinganishwe na ile iliyoandikwa ubaoni, basi. Nashipae alisimama mbele yao kama baba yake langoni, akauliza kwa sauti: "Nani hayuko?" Kila msichana alitakiwa amtafute kwa macho jirani yake wa kitanda. Asipomwona, amtaje kwa jina na aseme alimwacha wapi.

"Madam, hii itachukua muda," Hiram alilalamika. "Wewe ni mwalimu wa hesabu, unakataa aje kuhesabu?"

"Mwalimu, mimi nahesabu machungwa," akasema. "Ukiniambia amepungua mmoja, bado sijui ni nani, na sijui nimtafute wapi. Nitafanyia nini hiyo nambari yako?"

Hiram hakushawishika. Wakakubaliana kila mmoja afanye lake: Hiram ahesabu, Nashipae aulize. Mimi nilicheka mbavu zikaniuma. Shule moja, njia mbili za kujua watoto wamefika.

Miaka ikapita, mazoezi yakazoeleka, hata wasichana wakaanza kuguna ringi ikilia. Nashipae hakujali kuguna kwao. Aliwarudisha bwenini akawaambia watoke tena.

Moto ulikuja Jumamosi moja mchana, Julai ya kiangazi, upepo wa mbuga ukivuma kama umetumwa. Msichana mmoja alikuwa ananyoosha sare kwa pasi ya makaa, akaiweka kitandani aende kuchota maji. Godoro likashika. Tulipoona moshi, ringi ilikuwa tayari inalia, na wasichana walikuwa wanamiminika uwanjani wakishikana mikono, jinsi walivyofundishwa.

Hiram alikuja mbio akiwa na malapa. Alipita mbele ya mistari akinyoosha kidole kwa kila kichwa, akarudia, kisha akainua mikono yote miwili juu. "Wametimia!" alipiga kelele. "Mungu ni mwema, wametimia!" Walimu wengine walikaa chini kwenye nyasi. Nami nilipumua.

Nashipae hakuketi. "Nani hayuko?" aliuliza.

"Madam, nimehesabu mara mbili!"

"Nimesikia. Nani hayuko?"

Wasichana wakageuza vichwa huku na huku. Kisha Mbeke, mtoto mwembamba wa darasa la sita, akainua mkono. "Ilhan hayuko," alisema. "Alikuwa na homa, mwangaza ulikuwa unamuumiza macho. Alihama akaenda kulala kitanda ya mwisho, chini, kwa hiyo kona ya mlango wa nyuma, akajifunika blanketi hadi kichwa."

Hiram aligeuka, akaanza kuipitia mistari upya, uso kwa uso. Hesabu yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa limesimama mstari wa tatu, na nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu bado. Alikuwa Sandra, mmoja wa wanafunzi wetu wachache wa kutwa, aliyetoka mjini Jumamosi hiyo kuja kusukwa na rafiki zake bwenini. Ringi ilipolia alikimbia na wenzake na kupanga mstari nao, mtoto mwenye adabu. Alijaza nafasi ya Ilhan sawasawa.

Nashipae alikuwa ameshaondoka. Alilowesha leso aliyojitanda kwenye pipa la maji, akajifunika kichwa, akazunguka bweni kwenda mlango wa nyuma. Mlango ule wa mbele ulikuwa unatema moshi mweusi, hakuna ambaye angepita. Wa nyuma ulikuwa wazi, wasichana walikuwa wametokea hapo pia. Nilimfuata hadi kizingitini, na hapo miguu yangu ikakataa. Yeye aliingia akitambaa. Sijui alikaa mle muda gani, najua tu kwamba nilimwomba Mungu kwa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Alitoka akimburuta Ilhan kwa mabega, wote wawili wakikohoa, nyusi za madam zimeungua.

Jioni bweni lilikuwa kuta tupu. Mama yake Ilhan, Fadumo, alikuwa na duka la nguo Kitengela. Alifika kwa gari la kukodi, buibui limejaa vumbi, akapita katikati yetu bila salamu hadi penye mwanawe. Alimshika uso, akamnusa nywele, akamfunga shuka. Hiram alijaribu kuomba msamaha, mama hakumsikiliza.

"Mama Ilhan," Nashipae alisema kwa sauti iliyokwaruzwa na moshi, "ukitaka kumpeleka nyumbani, una haki."

"Nampeleka," Fadumo alijibu. Akaondoka naye, na hakuna aliyemlaumu. Nashipae aliingia ofisini akalia. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona akilia, na nilimpenda zaidi kwa kilio kile kuliko kwa ule ujasiri.

Muhula ulipofunguliwa Januari, tukiwa tunapokea wanafunzi kwenye bweni jipya lenye harufu ya rangi, Fadumo alishuka getini na magodoro mawili. Ilhan alikuwa mbele. Nyuma yake alikuwa mdogo wake, Fosiya, amevaa sare inayomzidi. Fadumo alimpita Hiram na meza yake ya usajili, akaenda moja kwa moja kwa Nashipae, akauweka mkono wa yule mdogo katika mkono wa mwalimu.

"Huyu pia," alisema.