Titi la jiwe ndilo lenye heshima

Leo mulinzi alitaka kunifukuza juu ya kunyonyesha mutoto.

Tulitoka kambini Rubondo na bamama ba kanisa, tukaenda Biharwe kuona ile nyumba ya zamani ya shamba, ile walitengeneza upya wakajaza sanamu mu kiwanja.

Mutoto akalia njaa. Nikakaa chini ya sanamu ya mama wa jiwe ananyonyesha, titi lake lote inje, na mimi nikamupa wangu titi.

Mulinzi huyo: "Mama, funika hiyo. Hapa ni mahali ya heshima."

"Na huyu wa jiwe?"

"Huyo ni sanaa."

Sanaa gani, hana hata tone ya maziwa.

"Basi simama utoke hapo, wageni wanataka kupiga picha ya sanamu."

"Afande, kwetu hatutoe mutoto ku titi mpaka aache mwenyewe."

Wageni wakangoja. Binti yangu akanyonya polepole, akashiba, akalala.

Bamama, nani angesimama?