Kitufe Ambacho Hakikuwepo Gitting

Kosa langu la mwanzo kwenye kinanda lilikuwa kitufe kimoja. Nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu, na kinanda cha umeme cha kwaya yetu ya Masieda kina kitufe cha kuhamisha sauti. Kwaya ikitaka kuimba juu au chini, unakibonyeza, vidole vinabaki palepale, kwenye sauti ya C. Miaka minne nilipiga kila wimbo hivyo. Wanakwaya waliniita Profesa. Mimi nilijua ukweli, na kila Jumapili nilikibonyeza kwa kificho.

Ndiyo maana niliposikia Mwalimu Paskalina amerudi kwao Gitting, nilimpigia simu. Alikuwa amepiga piano katika kumbi kubwa za Ulaya, peke yake na pamoja na okestra, kisha akafundisha huko miaka mingi.

"Njoo Jumamosi nikusikie," alisema. "Nina nafasi ya mwanafunzi mmoja tu."

Alfajiri niliondoka Masieda kwa pikipiki, na Dongobesh nikapata gari la abiria, Noah. Nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa akitazama vidole vyangu vikihangaika juu ya goti.

"Kijana, unaumwa?"

"Hapana mama, nafanya mazoezi ya piano."

"Haya. Usije ukanipiga na mimi."

Mchana tulishuka hadi tambarare za Hanang. Ng'ombe walivuka barabara bila haraka, dereva akazima injini. Kisha tukaanza kupanda, baridi ikarudi, mlima ukiwa umejifunika wingu.

Saa nane nilifika Gitting. Nyumba ya mwalimu ilikuwa katikati ya mashamba ya viazi. Piano ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyumbani kwetu. Mlangoni jirani yake, Mama Agnesi, alikuwa akimenya viazi, na mwalimu mwenyewe akatoka kunipokea.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa chai kwanza. Vidole vya baridi havisikii."

Nilimuuliza mwalimu onyesho gani lilimtesa kuliko yote. Alinimiminia chai. "La kwanza baada ya watu kuanza kunisifu."

Kisha akakunja kile kitambaa. "Mama Agnesi, imba chochote. Wewe, mwanangu, mfuate kwa piano."

Mama Agnesi alianza pambio ninalolijua tangu utoto, lakini alianzia pale koo lake lilipopenda. Mkono wangu wa kushoto ukapanda wenyewe kutafuta kitufe. Ukagusa mbao.

"Mkono uliteguka kwenye pikipiki," nikasema.

Mwalimu alileta dawa ya kuchua. Akanichua kiganja polepole, akiuliza: hapa? Na hapa? Nilishindwa kuchagua mahali pa kuumia.

"Mwalimu, nimedanganya. Najua kupiga kwa C tu. Mengine yote hufanywa na kitufe."

Mama Agnesi alicheka hadi kiazi kikamponyoka. "Kumbe kanisani kwenu kinachopiga ni kitufe!"

Mwalimu hakucheka. "Mimi nilifika Ulaya najua doremi tu. Nyimbo zilizoandikwa kwa noti za mistari nilizikariri kwa masikio, nikajifanya nasoma. Mwalimu wangu aligundua baada ya mwaka mzima. Wewe umekiri mwenyewe ndani ya saa moja." Akamgeukia jirani yake. "Imba tena, mama. Taratibu."

Nilitafuta sauti yake kwa kidole kimoja. Nilikosea, nikarudi, nikakosea. Ilikuwa F. Nilipofikisha ubeti mzima, viazi vilikuwa vimeshawekwa jikoni.

Nililala hapo, na kesho yake asubuhi, nikiwa nimeshika begi, niliuliza kama nimepita.

"Rudi baada ya wiki mbili," alisema. "Na hicho kitufe ukakifunike."

Njiani kurudi sikupigapiga vidole juu ya goti. Nilikuwa nikipanga namna ya kuwaambia wanakwaya, na Jumatano, siku ya mazoezi, niliwaambia. Kuna waliocheka, na mwenyekiti wa kwaya akaenda kukitazama kitufe.

Siku hizi kitufe kimebandikwa plasta. Wimbo ukibadilika sauti, kwaya inanisubiri nitafute, na wengine wananung'unika. Sasa ninaweza kuanzia sauti tatu, si C peke yake. Profesa hawaniiti tena, na Jumapili sina cha kuficha.