Mkono wa Kushonea

Nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba mimi ni mshona kofia, naye akaandika kwenye karatasi yake kuwa nafanya kazi za nyumbani. Alikuwa tabibu wa viungo, mwanamke wa bara, rika langu. Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nimeanguka ngazini kwetu Mji wa Kale. Plasta ilipotolewa, kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia vilikuwa vinakakamaa. Hakunificha: havitalainika tena, vitabaki namna vitakavyofungwa.

Akatosa kipande cha plastiki kwenye karai la maji moto. Kikalegea kama chapati mbichi, akanibandika mkononi, kikapoa na kuwa kigumu huku vidole vyangu vyote vimenyooshwa. Mkono wa kupendeza, wa kuwapa wageni. Nikamwuliza nitashikaje sindano. Akasema kwa upole kwamba kushona nikusahau. Kisha akanionya nisikitie kwenye maji moto, maana plastiki ile ikipata joto hurudi bapa kama ilivyotoka kiwandani, na kazi yake yote itapotea. Nikamshukuru kwa taarifa.

Nyumbani nilikuwa na kofia ya viua, ile ya vitundu vidogo vinavyoshonewa uzi ukingoni, iliyofika nusu. Kofia ya namna ile haimaliziwi na mtu mwingine. Mishono hutofautiana na kila mwenye macho huona. Nilikuwa na hasira, tena sikuificha. Asubuhi ya pili nilichemsha maji kwenye sufuria ya wali, nikakitosa kile kipande cha plastiki. Kweli, kilijikunjua chenyewe mpaka kikawa bapa. Nikavikunja vidole kwenye sindano, machozi yakinitoka, na wifi yangu akakibana kile kipande juu ya vidole huku akiniambia nina wazimu. Hakuachia mpaka kilipokuwa kigumu.

Niliporudi hospitali, tabibu aliutazama mkono muda mrefu, akauliza ni nani kanifanyia haya.

“Nimefanya mwenyewe, dadangu,” nikamwambia. “Mkono ni wangu. Wewe wataka uwe mzuri, mie nataka ushone.”

Alichota maji moto, akakilainisha kile kipande upya, akaniuliza sindano huwa naishika vipi.

Kofia niliimaliza. Vidole vile havijakunjuka hadi leo. Anayenipa mkono siku ya Idi hupokea vidole viwili vilivyobanana, na kama hataki, basi aniache nishone.