Losheni ya Aikaeli na Ekari ya Chini

Baridi ya mwezi wa saba ikiingia, watu wa Old Moshi hujipaka mafuta ya mgando mpaka wang'ae. Ukungu unakaa migombani hadi saa nne, midomo inapasuka, visigino vinachanika, na kopo moja linazunguka nyumba nzima. Aikaeli naye alijipaka hivyo tangu utotoni, maana ndivyo mama yake alivyompaka. Hapo ndipo alipokosea.

Aikaeli ana ualbino. Ana miaka arobaini na sita, ana sauti inayofika ng'ambo ya mfereji, na hana subira na mtu anayemwonea huruma. Baba yake alipogawa mali, kihamba, yaani migomba na kahawa inayozunguka nyumba, kilikwenda kwa mdogo wake Shedrack, kitinda mimba. Aikaeli alipewa ekari moja kule chini, tambarare, kwenye mashamba ya mahindi. Alipewa mbele ya baba mdogo Eliufoo, na kwa sharti la ukoo wao: ekari ikipita misimu miwili bila mwenyewe kuilima, inarudi kwa ndugu.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa mavuno, alitoka nyumbani kwenye ukungu amevaa sweta, uso na shingo viking'aa mafuta. Losheni ya kuzuia jua, ambayo huipaka bila kukosa toka Desemba hadi Machi, aliiacha kabatini. Nani anapaka losheni ya jua na jua lenyewe halionekani? Alipofika chini, mwendo usiozidi saa moja, hapakuwa na ukungu wala wingu. Sweta likavuliwa, kazi ikanoga, na kufika saa nane mchana mabega na shingo vilikuwa malengelenge matupu. Alilala kifudifudi wiki mbili.

Shedrack alikuja kumjulia hali na kibuyu cha mtindi. Akakaa, akashusha pumzi, akaanza kwa ule upole unaoudhi kuliko matusi.

"Dada, jua la kule si lako. Ile ekari niachie mimi, wewe nitakukatia kipande hapa nyuma ya jiko, ulime mboga kivulini."

"Kina ukubwa gani?"

"Kinamtosha mtu mmoja."

"Hata kaburi linamtosha mtu mmoja," Aikaeli akasema, akageuzia uso ukutani.

Maneno makali, lakini msimu uliofuata hakulima. Hilo lazima lisemwe. Aliogopa. Jembe likakaa nyuma ya mlango, Shedrack akapanda mahindi yake kwenye ekari ile, eti anailinda isiote magugu, na watu wakaanza kuiita ya Shedrack. Aikaeli aliposikia jina hilo kwa mara ya kwanza, akiwa kisimani, aliondoka kwa hasira hata akasahau ndoo yake. Msimu mmoja ulikuwa umekwenda. Ukipita wa pili, basi tena.

Mwezi wa pili mwaka huu akashuka mjini, kliniki ya ngozi, akapokelewa na muuguzi Sikudhani, mama mmoja wa mtaa wa Soweto, palepale Moshi mjini, asiyepaka maneno sukari. Sikudhani alimkagua shingo, akamuuliza anapaka nini na lini. Aikaeli akaeleza: wakati wa joto losheni, wakati wa baridi mafuta.

"Unafuata kalenda?" Sikudhani akauliza. "Wewe unalala kwenye baridi na unalima kwenye joto siku hiyohiyo. Ngozi yako inabadilisha majira kabla ya chai ya saa nne."

"Sasa niache kulima?"

"Nani kasema uache kulima? Nimesema ubadilishe unavyopaka. Na hayo mafuta ya mgando usiyaguse asubuhi ya kwenda shamba. Losheni haishiki juu yake, inateleza tu."

Kuanzia hapo Aikaeli akajipangia. Mafuta mazito ni ya jioni, nyumbani, baridi ikibana. Siku ya shamba ananawa kwa sabuni, anapaka losheni hadi nyuma ya masikio na juu ya vidole vya miguu, anavaa mikono mirefu na kofia pana kama ungo. Saa kumi na moja alfajiri pikipiki imeshamchukua. Analima mpaka saa nne, anaingia kivulini chini ya mgunga na kazi za kukaa, harudi juani mpaka saa kumi. Masika, mvua na jasho vilipokuwa vinaisafisha losheni, alipaka upya kila baada ya saa mbili, kichupa kikiwa mfukoni mwa aproni.

"Aikaeli, unakwenda shamba au harusini?" jirani mmoja alimtania.

"Harusini. Wewe hukualikwa."

Mwisho wa Julai mahindi yakakauka. Shedrack akamfuata baba mdogo Eliufoo, mzee wa miaka themanini, akampakia kwenye pikapu yake mwenyewe ili mzee akajionee kama ekari ile ina mkulima. Akachagua saa sita mchana. Wapo wanaosema ilitokea tu. Haikutokea tu, maana ratiba ya dada yake aliijua, kijiji kizima kiliijua.

Walipofika, shambani hapakuonekana mtu.

"Umeona, baba mdogo? Nilikwambia hawezi."

"Shikamoo, baba mdogo," sauti ikatoka chini ya mgunga.

Aikaeli alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, kofia kichwani, mashavu meupe kwa losheni mbichi, akimenya mahindi.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa, na wenzako kule wanavuna?"

"Wenzangu huanza saa tatu. Mimi wiki nzima naanza kabla hawajaamka. Hebu pita uangalie."

Mzee akapita na fimbo yake, polepole, toka mtaroni hadi mwisho wa shamba. Mabua yote yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu. Kwa jirani, watu watano hawajafika nusu. Katikati ya shamba yalikuwapo magunia sita, yamejaa, yamefungwa. Akarudi kivulini anatweta na kujifuta jasho.

"Shedrack, aliyeshindwa ni nani? Mimi naona kazi imekwisha."

"Ni mwaka huu tu, baba mdogo. Jua linazidi kila mwaka. Mwakani je?"

"Likizidi nitaamka mapema zaidi," Aikaeli akasema. "Nitabadilisha losheni, nitabadilisha nguo, nitabadilisha saa za kazi. Ekari simwachii mtu."

"Basi ni yake," mzee akasema. "Amelima, amevuna, na mimi nimeona. Sitaki kuitwa tena kwa jambo hili."

Shedrack akatoa funguo za gari. "Twende, baba mdogo."

"Ngoja kwanza," Aikaeli akasema, mikono haijaacha kumenya. "Gari lako ni tupu. Magunia yangu yako pale, na mimi siendi juani kabla ya saa kumi."

Shedrack akamwangalia mzee. Mzee akajinyoosha chini ya mti, akafumba macho. Shedrack akavua koti, akatoka kivulini, akabeba yote sita.